Kutaja Njia: Miaka Yangu Kwenye Lori la Chanika

Kidole gumba changu cha mkono wa kulia kimepinda kuelekea nje, na kila kijana anayejifunza gari hapa Kinondoni nikimpa mkono hukitazama. Hicho ndicho cheti changu cha kwanza cha udereva. Nilifundishwa kwamba kwenye njia ya mashimo vidole gumba vikae juu ya usukani pamoja na vidole vingine, visizungushwe kwa ndani. Nikauliza kwa nini. Nikaambiwa nifanye kwanza, nitauliza baadaye. Mimi sikuwa mtu wa kufanya kwanza. Siku ya tatu, karibu na Gongo la Mboto, gurudumu la mbele likaangukia shimoni, usukani ukazunguka wenyewe kama punda aliyechokozwa, na kidole kikawa katikati. Jibu nikalipata.

Nyie mnaendesha magari ambayo usukani wake unazungushwa kwa kiganja kimoja huku mkono mwingine ukimenya karanga, kwa hiyo mnaweza kuona kwamba haya hayawahusu. Sitabishana nanyi. Ninachowaomba ni kwamba msiniamini kwa sababu ya mvi. Niulizeni sababu, na nikishindwa kuitoa, tupeni kanuni yangu. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa kila nililoambiwa barabarani zama za Mwingereza. Mara moja tu kuuliza kwangu kulikaribia kuua mtu, na hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Tabora baada ya vita kuu ya pili, nikiwa nimesoma kuliko wengi wa rika langu. Elimu hiyo ilinipa maswali mengi na kazi chache. Hatimaye nikawa utingo, yaani msaidizi wa dereva, kwenye lori lililokuwa likienda Chanika kuchukua mihogo, mkaa na nazi za kuuza mjini. Watu walipanda juu ya magunia, kwa sababu basi halikuwapo. Dereva alikuwa Mzaramo wa Temeke aitwaye Mzee Kondo, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye kofia safi na ulimi mchafu. Alikuwa ameendesha tangu magari ya kuwashwa kwa kuzungusha chuma, na njia nzima ya Pugu hakukuwa na mtu asiyemjua.

Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Kwa hiyo tulikuwa watani, na kwa utani huo tulitukanana kuanzia asubuhi hadi jioni bila mtu kuudhika. Siku ya kwanza nilipomwambia shikamoo alinitazama kama niliyemtemea mate.

"Shikamoo ya nini, mtumwa wangu? Babu zako walibeba meno ya tembo mpaka pwani hapa, sie tukawapa maji. Nipe heshima kwa kusukuma lori."

"Maji yenyewe ya chumvi," nikamjibu. "Ndiyo maana babu alirudi kwao na kiu."

Akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo mambo yetu yakaenda.

Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa dereva mwingine. Aliiita kutaja. Utingo akiketi kushoto kwake alitakiwa kutaja kwa sauti kila kilicho mbele, mwanzo wa safari mpaka mwisho. Baiskeli kushoto, ina mzigo. Mama wawili wanakuja, kulia. Mbuzi wametulia. Mtoto anakimbia, mpira uko upande wetu. Mwanzoni niliona upuuzi. Nilimwuliza kama na yeye ana macho.

"Ninayo mawili. Ya kwako ni mawili. Manne hayawezi kuona zaidi?"

Siku moja tukikaribia kona ya Pugu nilitaja, "Kona, hakuna kitu."

"Umejuaje?"

"Sioni kitu."

"Basi sema hujaona. Hakuna ni neno la malaika. Wewe Mnyamwezi wa lori, sema sijaona."

Neno hilo lilinikaa. Hata leo, nikikaa kwenye gari la mtu, namsikiliza dereva akisema "hakuna gari" wakati anaingia barabara kubwa, na mguu wangu unakanyaga breki ambayo haipo. Tofauti ya hakuna na sijaona ni ndogo mdomoni tu. Barabarani ni tofauti ya kuingia na kusubiri.

Nimesema sikukubali kanuni bila kuijaribu. Hebu niwape mfano wa bonde la Msimbazi upande wa Vingunguti, mahali ambapo mvua za masika zilifunika njia. Mzee Kondo hakuingia majini mpaka utingo ameyavuka kwa miguu akiwa na fimbo, akirudi na habari ya kina na ya matope. Kisha alifungua mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye injini, akatundika gunia mbele ya redieta, akaingia na gia ndogo, mwendo mmoja, bila kubadilisha gia wala kuachia mafuta. Akitoka ng'ambo alikwenda hatua hamsini akiwa amegusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, ili zikauke. Nilimwambia anapoteza wakati. Siku hiyo hiyo lori jingine likatupita kwa honi na dharau, dereva wake ametoa mkono dirishani. Katikati ya maji injini yake ikapiga chafya mara tatu, ikafa. Abiria wake walishuka na kuku wao vichwani.

"Mtani," Mzee Kondo akaniambia, "nenda kamwulize yule kapata wakati kiasi gani."

Basi nikaamini ile ya maji. Nikaamini na ile ya kushuka mlima wa Pugu kwa gia ile ile ambayo ungepandia, kwa sababu niligusa ngoma za breki za lori lililoshuka kwa breki tupu, nikaacha ngozi ya kidole pale. Nikaamini ile ya mchanga: usifunge breki, usikate kona ghafla, punguza upepo wa tairi, acha gari litembee taratibu kama linawaza. Lakini kutaja sikukuamini. Mwaka wa pili nilikuwa tayari nina leseni ya kujifunzia, na niliona haya kupiga kelele kama mnadi wa samaki. Nikajiambia: dereva mzuri anaona mwenyewe. Kama ni hivyo, nikinyamaza hapatatokea chochote. Na kama kitatokea, basi nitakuwa nimejua kitu.

Ona hesabu hiyo ilivyo nzuri. Ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba kitu chenyewe kingempata mtu mwingine.

Ilikuwa kiangazi, saa tano hivi ya asubuhi, tunarudi mjini na mzigo wa mihogo na watu kama kumi juu. Tulipoipita Ukonga nikaacha kutaja. Barabara ilikuwa imenyooka. Mbele yetu, upande wa kushoto, mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa magunia ya mkaa, anakwenda tunakokwenda sisi, mgongo umetuelekea.

"Mbona kimya?" Mzee Kondo akauliza.

"Sijaona kitu," nikasema.

Nilikuwa nimeuona mkokoteni. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikijieleza kwamba nilinyamaza tu. Sikunyamaza tu. Nilidanganya.

Nikangoja mguu wake unyanyuke kwenye mafuta. Haukunyanyuka. Nikamtazama usoni. Alikuwa ametulia, kichwa kimeinama kidogo kuelekea dirishani kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ameuona.

"Mkokoteni kushoto!"

Hakuuliza uko umbali gani. Alivuta usukani kulia papo hapo, hakugusa breki, akaliacha lori lipite halafu akalirudisha polepole. Angefunga breki, mzigo ule ungetupindua wote. Ubavu wa lori ulikwangua mkokoteni, mkokoteni ukapinduka, mkaa ukamwagika barabarani. Msukumaji alikuwa ameruka mtaroni. Tulisimama mbele, nikashuka mbio.

Alikuwa mzima. Alikuwa amekaa mtaroni anajihesabu viungo.

"Lori zima," akasema, "barabara nzima, mkokoteni mmoja. Mlikuwa mnanitafuta?"

"Tusamehe, ndugu yangu."

"Mie mweusi, mkaa mweusi, sawa. Lakini kuna jua. Huyo dereva wenu anaendesha na macho ya nani?"

Watu wa juu ya mzigo walicheka kwa hofu, wakashuka wakamsaidia kuokota. Mzee Kondo hakushuka. Nilipokwisha nilimfuata dirishani.

"Uliuona?" akaniuliza.

"Niliuona."

"Ukasema hujaona."

"Nilitaka kujua."

"Haya. Umejua."

Nikamwuliza tangu lini. Jicho la kulia, akasema, tangu masika ya mwaka juzi, na la kushoto linamfuata mwenzake. Mtoto wa jicho. Daktari alimwambia asubiri liive kwanza ndipo likatwe. "Linaiva," akasema, "na mie siwezi kulingoja nyumbani. Nje ya lori hili mie nani? Mzee mmoja wa Temeke mwenye kofia."

Nikamwambia asogee. Akasogea. Nikaendesha mimi mpaka mjini.

Usiku ule sikulala vizuri, si kwa sababu ya huruma, bali kwa hasira ya mtu aliyegundua kwamba vitabu vyake vimeandikwa na mlevi. Kanuni zake zote nilizozikubali, zipi zilikuwa za barabara na zipi zilikuwa za macho mabovu? Hakuondoka Chanika mpaka jua limepanda. Alisema ni kungoja mzigo utulie na kamba zikazwe upya. Uongo. Asubuhi mtu anayetoka Chanika jua linamkabili usoni, na yeye hakuona kitu. Alisimama kando kila lori la mbele lilipotimua vumbi. Alipiga honi kwenye kila kona. Macho, macho, macho.

Basi nilianza kuzifuta moja moja. Kwa kuwa sasa niliendesha mimi, nikaenda usiku, nikaondoka Chanika alfajiri. Jua likachomoza, likajaa kwenye kioo chenye vumbi, na kwa muda wa pumzi tatu mimi mwenye macho ya miaka ishirini na sita sikuona hata pua ya gari. Mbuzi wanne waliokuwa barabarani walijiokoa wenyewe. Nikaingia ndani ya vumbi la lori la mbele, nikakuta limesimama humo. Nilifuta kanuni tatu kwa wiki mbili, na wiki ya tatu nikazirudisha zote. Mpaka leo sijui cha kufanya na jambo hili. Mtu asiyeona alikuwa ametunga kanuni kwa ajili ya upofu wake, na zikawa sahihi kwa kila mtu, kwa sababu barabarani kila mtu ana dakika zake za kutoona. Yeye alijua dakika zake. Sie wengine hatuzijui.

Miezi ile tuliishi kwa mpango. Lori likitoka uani kwa tajiri, mwenye lori, Mzee Kondo yuko kwenye usukani. Tukipita kona ya kwanza tunabadilishana. Sheria iliridhika kabisa. Mwanafunzi anaendesha, pembeni yake yuko mtu mwenye leseni kamili. Sheria haikuuliza kama mwenye leseni anaona. Ahadi yake ilikuwa kwamba nikipata leseni yangu, ataniachia lori na kumwambia tajiri mwenyewe.

Nikaenda kutahiniwa. Inspekta wa polisi alinisimamisha kwenye mwinuko, akaweka kiberiti nyuma ya gurudumu, akaniambia niondoke bila kukivunja. Nilikiacha kizima. Nikarudi na leseni mfukoni, nikamkuta Mzee Kondo ameketi kwenye usukani.

"Hongera, mtani. Sasa una leseni. Katafute lori lako."

"Tuliahidiana."

"Tuliahidiana nikiwa na hofu. Hofu imepita. Wewe ukitaja, mie naendesha. Tumekwenda hivyo miaka miwili, nani kafa?"

Swali hilo, vijana, mtaulizwa na kila dereva mlevi, kila mwenye tairi zilizokwisha, kila anayepita gari kwenye kona. Nani kafa? Kutokufa kwa watu hakukuthibitisha kwamba aliendesha vizuri. Kulithibitisha kwamba bado hawajafa. Nilimwambia hivyo, akawasha gari.

Ningeweza kuacha kazi. Lakini angechukua utingo mwingine, asiyejua, ambaye siku moja angesinzia au angetafuna muwa. Nikapanda, nikataja. Nilitaja kuliko nilivyowahi kutaja, mpaka sauti ikakauka.

Kwanza nikajaribu njia ya utani. Tulikuwa Buguruni, kwenye kahawa, madereva wamejaa kwenye mabenchi, na tajiri wetu alikuwa amepita kusalimia. Nikapaza sauti. "Jamani, huyu mtani wangu haoni. Anaendesha kwa harufu. Ng'ombe anawajua kwa mavi yao."

Wakaangua kicheko. Mtu mmoja akasema Wazaramo wote wanaona kwa pua, hasa harufu ya pilau. Tajiri naye akacheka, akamgonga Mzee Kondo begani. Mzee Kondo akacheka kuliko wote.

"Mnyamwezi akipata leseni," akasema, "huona wengine wote vipofu."

Nilikuwa nimesema kweli mbele ya watu ishirini na hakuna aliyeisikia. Utani ulituruhusu kusema lolote, kwa hiyo lolote nililosema lilikuwa si kitu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda uani mapema. Nilimkuta Mzee Kondo anafunga kamba. Nikasimama mbele yake. "Shikamoo, Mzee Kondo."

Mikono yake ikasimama kwenye kamba.

"Unakwenda kwa tajiri," akasema.

"Nakwenda."

"Marahaba," akasema, na akaendelea kukaza fundo.

Tajiri hakuniamini. Alitoka nami mpaka uani, akamwita, akanyoosha mkono wake hewani na vidole kadhaa vimesimama. "Kondo, huyu anasema huoni. Vingapi hivi?"

Mzee Kondo hakuutazama mkono. "Usijichoshe, tajiri," akasema. "Mnyamwezi huyu ana maneno mengi lakini hili kalisema bila kucheka." Akatoa ufunguo, akauweka juu ya bodi ya lori, akaenda zake kwa miguu. Alishika ukuta mpaka getini. Sikuwahi kumwona akishika ukuta.

Lori nikapewa mimi, siku hiyo hiyo. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisema kwa ajili ya watu wa juu ya magunia au kwa ajili ya kiti. Najua nilikitaka kiti. Najua pia watu walikuwapo. Zaidi ya hapo sina ushahidi.

Chanika hawakunipokea. Habari zilifika kabla yangu. Asubuhi ya kwanza akina mama walisimama na vikapu vyao kando ya njia, wakaniuliza Mzee Kondo yuko wapi. Nikawaambia haoni.

"Katuendesha miaka yote hii," akasema mmoja wao, "leo ndiyo haoni? Umemtoa wewe."

"Nimemtoa mimi, mama."

"Basi nenda na mihogo. Mihogo haina roho."

Nikaenda na mihogo. Wiki nzima nilipakia mizigo bila mtu hata mmoja juu yake. Walitembea mpaka Pugu wakapanda gari la yule dereva aliyezimika majini Msimbazi. Niliwapita njiani wakitembea, nikipunguza mwendo, nao wakitazama pembeni. Tajiri akaanza kusema labda atafute dereva Mzaramo.

Wiki ya pili, siku ya Jumatatu, nilikuwa nawasha lori uani nilipoona kofia safi inaingia getini. Mzee Kondo hakuja mlangoni pangu. Alipapasa ubavu wa lori mpaka nyuma, akakanyaga gurudumu, akapanda kwenye bodi tupu, akakaa juu ya turubai mgongo umeegemea kibanda cha dereva. Nikaondoka.

Tulipita Vingunguti, Ukonga, Gongo la Mboto. Kila penye watu nilisikia wakimwita, naye akiitika kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Tulifika Chanika. Akina mama walimwona amekaa huko juu kwenye turubai kama gunia, mahali pao. Alibaki pale pale wakati tunapakia, na mihogo ilipofika kimo chake akasogea juu yake.

"Mnangoja nini?" akawauliza. "Au mnataka niwabebe?"

Mmoja akampa kikapu akishike, akapanda. Kisha wa pili. Walipokuwa kama saba nikangoja mzigo utulie, nikakaza kamba upya, nikaondoka.

Uani alishuka wa mwisho. Nilimshika mkono aruke chini, akauacha mkono wangu haraka.

"Kona ya pili ya Pugu," akasema, "umeingia na gia kubwa."

Akaenda zake. Nilikuwa nimeingia na gia kubwa.